Gari Langu Limeibwa, Coletha

Jumatatu, 3 Machi
Leo Coletha amenipita tena kwenye taa za Rooty Hill, hapa Sydney. Yeye yuko ofisini, mimi naendesha foklifti ya kunyanyulia mizigo, ghala hilohilo moja la Wetherill Park. Mwaka mzima magari mawili, njia moja. Kiti cha pembeni yake hukaliwa na mkoba. Nimeuonea wivu mkoba.
Nimepata wazo. Asiye na gari hupewa lifti.

Jumanne, 4 Machi
Gari nimelificha Ingleburn kwa rafiki yangu Térence, Mkongo mpole. Nilimdanganya kwamba napaka rangi geti. Nikamwachia funguo, alisogeze likimzibia njia. Nikarudi kwa treni, nikampigia Coletha: gari limeibwa. Akasema pole sana, kesho atanipitia.

Jumatano, 5 Machi
Dakika ishirini na tano kando yake. Akaniambia kwao Bukoba, na hajala senene, wale panzi wa kukaanga wa kwao, miaka mitatu. Nilitamani ningekuwa nao mfukoni. Tulifika upesi mno.
Akauliza kama nimeripoti polisi. Bado. Jioni akanipeleka mwenyewe. Afisa akanionya kwamba taarifa ya uongo ni kosa la jinai. Coletha alikuwa amenishikia begi langu, ananitazama kwa huruma. Nikasaini.

Alhamisi, 6 Machi
Coletha amewapigia watu wa bima kwa niaba yangu tukiwa njiani, simu kwenye spika. Dada wa huko akaeleza taratibu: nina ile bima ya lazima tu. Inawalipa watu nikiwaumiza barabarani. Gari likiibwa, hailipi kitu. Coletha akaniwekea mkono begani. Taa ilikuwa nyekundu. Ikageuka kijani baada ya sekunde sita. Nilihesabu.

Ijumaa, 7 Machi
Térence amekamatwa. Alimpeleka mkewe Nsimire kliniki kwa gari langu, polisi wakasoma namba. Nsimire amenipigia akilia.
"Shemeji, wanasema Térence ni mwizi. Na maombi yake ya uraia bado hayajajibiwa."
Nikisema ukweli, lifti zimekwisha. Nililiwaza hilo robo saa nzima, Mungu anisamehe. Kisha nikapanda treni hadi kituo cha polisi, nikaeleza yote. Térence akaachiwa. Mimi nikapewa hati ya kufika mahakamani. Térence hakunitukana. Aliniuliza tu kama geti nimeshalipaka rangi.

Jumamosi, 8 Machi
Nimekwenda kwa Coletha, asisikie kwa watu. Alinisikiliza akiwa amesimama mlangoni, sababu na yote.
"Ungeniomba tu, Abednego," akasema. "Ningekupitia."
Akafunga mlango taratibu. Afadhali angeubamiza.

Jumapili, 9 Machi
Polisi wamenirudishia gari, zima kabisa. Limeegeshwa nje, tayari kwa kazi. Ndiyo shida yenyewe.
Mchana kutwa narudia maneno yake. Ningekupitia. Alisema hivyo, nilisikia. Lakini kuomba tu, ningeanzaje? Na akisema hapana, nitakuwa nimebaki na nini? Mtu hawezi kuomba jambo kubwa namna ile bila sababu ya maana.
Kesho alfajiri nitampigia. Nitamwambia polisi wameninyang'anya leseni.