Kazi Iliyokwama Asilimia Tisini na Nane

Jumatatu, 3 Machi

Asilimia tisini na nane. Jana tisini na nane, juzi tisini na nane. Huu ni uhuni!

Niandike kwa mpangilio, hasira isinivuruge. Wanasayansi wa hali ya hewa wana hesabu kubwa mno za mvua, hivyo huzikata vipande na kuwagawia watu wa kujitolea wenye kompyuta majumbani. Programu hukokotoa, hurudisha jibu, huchukua kipande kingine. Kikundi chetu ni walimu kumi na mmoja wa shule moja ambayo haipo tena, tuliotawanyika nchi saba. Orodha ya kikundi ndiyo mahali pekee duniani ambapo majina yetu bado yamepangwa pamoja.

Asiyerudisha kazi hata moja kwa siku thelathini hufutwa. Siku yangu ya thelathini ni Ijumaa hii.

Kanuni hiyo kaitunga Bwana Kengele, aliyekuwa makamu mkuu wa shule. Miaka ishirini na sita tangu tuondoke kule, bado anatupigia kengele.

Jumanne, 4 Machi

Nimekaa mbele ya mashine tangu saa mbili asubuhi. Kila dakika natikisa kipanya, isije ikasinzia. Haisogei. Nimebonyeza Simama, Endelea, Simama, Endelea, mara arobaini. Nikaizima, nikaiwasha. Ikaanza upya pale ilipohifadhi mara ya mwisho: tisini na sita! Nimenyang'anywa asilimia mbili mchana kweupe.

Mke wangu kapita na kikapu cha nguo. Kaniuliza kama naisubiri mashine itage yai. Nikatikisa kipanya.

Jumatano, 5 Machi

Nimevaa miwani, nimesoma maandishi madogo chini ya dirisha: "Imesitishwa. Kompyuta inatumika." Inatumika! Na nani? Niko peke yangu, na mimi situmii kitu, natazama tu. Basi kuna mtu kaingia kwa mbali. Sina haja ya kumtaja. Ana kengele.

Nimebandika plasta kwenye kamera. Nimemwandikia Bwana Kengele, kwa adabu, kwamba mwizi mstaarabu hukiri mapema. Kajibu kwamba yeye hata kutuma picha hajui, na kwamba Ijumaa ni Ijumaa.

Alhamisi, 6 Machi

Nimempigia simu fundi wa kompyuta. Shikamoo zake nyingi, maarifa haba. Ati, mzee wangu, programu hiyo hungoja mwenyewe aondoke ndipo ifanye kazi. Ukigusa tu kipanya, inakupisha. Iache. Nenda katembee kidogo, unyooshe miguu.

Niiache! Miaka thelathini na moja nimefundisha jiografia na kusimamia mitihani. Nionyesheni darasa lililofanya kazi mwalimu akiwa nje, nami nitawaonyesha darasa lililonakili. Nimemshukuru, nikakata. Kiti nimekisogeza karibu zaidi. Chakula cha mchana nimekula hapo hapo, mkono mmoja kwenye kipanya.

Jioni nimeifungua ile orodha. Wa pili kutoka juu ni mwalimu wa hisabati. Alifariki mwaka juzi; binti yake ndiye anayerudisha kazi kwa jina lake, asifutwe. Mimi ni wa tisa, kati ya mwalimu wa muziki na yule wa useremala, vilevile tulivyokuwa tukiketi. Nikaifunga haraka.

Ijumaa, 7 Machi

Leo, kati ya siku zote, shemeji yangu anatundika mapazia na anataka mtu wa kumshikia ngazi! Nimekataa katakata. Mke wangu kaniambia nichague: nishike ngazi, au yeye aung'oe waya wa mashine ukutani. "Na unanijua, baba watoto." Namjua. Nimechagua ngazi.

Kabla ya kutoka nimeigeukia mashine, nikaionya kwa sauti ile niliyokuwa nikiwatolea kidato cha pili: nikirudi, niikute imemaliza.

Nimeshika ngazi kwa saa sita nzima, roho juu juu. Shemeji kalalamika kwamba ngazi inatetemeka.

Tumerudi. Imemaliza! Imetuma! Jibu limepokelewa saa tisa na dakika kumi alasiri. Jina langu lipo, la tisa. Machozi yamenilengalenga. Vumbi la mapazia.

Onyo moja tu, na limetosha! Ilikuwa inanipima.

Jumamosi, 8 Machi

Bwana Kengele kauliza, kwa unyenyekevu nisiouzoea, nimefanyaje. Nimewaandikia wote waraka, kurasa mbili. Siri ni usimamizi. Mashine ionywe kwa ukali, kisha mtu aketi mbele yake kutwa na kutikisa kipanya kila dakika. Mke wangu kausoma akichungulia begani kwangu, kacheka mpaka kakaa chini. Wivu.

Jumatatu, 10 Machi

Majibu yamefika. Wote wametii; kwa walimu wa zamani, waraka ni waraka. Na wote wamekwama! Mwalimu wa muziki, yule wa useremala, hata binti wa marehemu. Bwana Kengele, ambaye hajawahi kukwama, yuko asilimia hamsini na tatu tangu jana asubuhi, na skrini yake inamwambia kompyuta inatumika. Kazi yangu mpya pia, asilimia nne. Orodha nzima iko hatarini!

Basi mwizi si Bwana Kengele. Nimemwomba radhi. Ni genge zima, na linatuonea sisi wazee.

Nimewajibu papo hapo: tukaze uzi. Kila nyumba iweke zamu. Mmoja akienda kula, mwingine ashike kipanya. Isiachwe mashine hata moja bila mtu.