Mbuzi Wangu Alivyokosa Kazi ya Pasaka

Leo nimeaibishwa na mbuzi wangu mwenyewe, mbele ya kanisa lote. Na bado sijanyamaza.

Wacha nianze mwanzo. Jumapili iliyopita, kanisani kwetu hapa Ruiru, Pasta alisema leo watoto watafundishwa Pasaka na mnyama wa ukweli, wamwone kwa macho. Nikainua mkono. Niko na mbuzi nyumbani Murera, dume la mwaka mmoja, jina lake Mheshimiwa. (Anakula siku nzima na hakuna kazi anafanya.)

Mwalimu Sera akageuka. Huyu alistaafu ualimu zamani, lakini akiongea lazima ujue alisoma.

"Cucu Njeri, Pasaka ni mwana-kondoo. Mbuzi ni wa nyama choma."

Watu wakacheka. Mimi cucu, nyanya wa watu, niliishia darasa la tatu, sawa, lakini hakuna mtu atanifundisha mbuzi! Nikafika nyumbani, nikaita mjukuu wangu Wambui. Nikamwambia fungua Biblia, kitabu cha Kutoka, pale wanachinja. Akasoma, akafika mahali panasema mnyama anaweza kutoka kwa kondoo ama kwa mbuzi.

"Simama hapo hapo! Rudia hapo!"

Akarudia mara tatu. Akataka kunisomea na maneno ya juu yake. Nikamwambia funga kitabu, nimeshiba. (Kumbukeni hayo maneno ya juu.)

Leo asubuhi nikamwosha Mheshimiwa na sabuni ya kufua, nikamfunga utepe mwekundu, tukapanda boda boda, yeye katikati. Tukaingia kanisani watu wakiimba. Nikapita mpaka mbele kabisa.

"Pasta, amua mbele ya watu. Mbuzi anaingia Pasaka ama haingii?"

Pasta akaeleza vizuri. Akasema pasaka kwa Biblia ni jina la sikukuu, na pia ni jina la mnyama mwenyewe, ndiyo maana wanasema kuchinja pasaka na kula pasaka. Na lile neno la Kiebrania tunaloita mwana-kondoo halibagui. Mtoto wa kondoo yuko ndani, na wa mbuzi yuko ndani.

"Si hata sisi!" nikaruka. "Tukipeleka mbuzi za ruracio, mahari yetu, kwa wakwe, kondoo hazihesabiwi humo humo? Wayahudi ni kama Wakikuyu tu!"

Makofi! Vigelegele! Mwalimu Sera akaangalia Biblia yake kama imemkosea. Ningekaa chini saa hiyo, saa hii ningekuwa shujaa wa Ruiru.

"Lakini Cucu," Pasta akasema, "aya hiyo hiyo, hapo juu kidogo, inataka awe dume, na asiwe na kasoro yoyote."

"Kasoro? Huyu? Huyu ni dume kamili!"

Na mikono yangu hii hii, hakuna mtu alinituma, ikamgeuza Mheshimiwa matako yaangalie watu. Nikainua mkia.

Watu wa nyuma wakasimama waone.

Mzee Kamau, mzee wa kanisa ambaye amefuga mbuzi maisha yake yote, akavaa miwani. Akainama.

"Cucu, hili dume... vyombo vyake viko wapi?"

Ngai wangu! Hapo ndipo nikakumbuka daktari wa mifugo. Alikuja na kisu chake Mheshimiwa akiwa mdogo, akamhasi. Miguu nilishika mimi. Nikampikia daktari chai! Nilitaka mnyama anenepe na nyama isinuke. Nani alijua atatafutiwa kazi ya kanisa?

"Basi hiyo ni kasoro," Mwalimu Sera akasema pole pole, kama anaandika ubaoni.

"Tena si ndogo," Mzee Kamau akaongeza.

Kanisa likalipuka. Pasta akajificha nyuma ya Biblia, lakini mabega yalikuwa yanaruka. Watoto wakaanza kuuliza vyombo ni nini. (Wazazi, hiyo ni shida yenu.) Mheshimiwa naye akala maua ya meza ya Bwana.

Nikashusha mkia. Nikafunga leso sawasawa.

"Mbuzi anaruhusiwa!" nikawaambia. "Ni huyu mmoja tu haruhusiwi!" Nikatoka kwa mlango mkubwa, kichwa juu, yeye nyuma na ua mdomoni.

Kwa hivyo nyinyi wa grupu hii ya WhatsApp, kwa neno la Biblia nilishinda, na Jumapili ijayo nakaa kiti changu kile kile cha mbele. Chekeni mkitaka. Lakini Krismasi Mheshimiwa anaingia sufuria, na aliyecheka atapata harufu peke yake. Na nimeshawaambia, huyo hata harufu hana.