Padi Nambari Mbili na Amina Iliyowahi

Kahaso Charo (Mama Faith),
Chaani, Changamwe.

Kwa Mzee Thoya,
Mwenyekiti, Kamati ya Kombe la Mzazi na Mwana,
Makanisa ya Changamwe.

Mzee wangu, shikamoo. Bwana asifiwe.

KUHUSU: GOLI LA DAKIKA YA THEMANINI NA NANE

Nakuandikia nikiwa mzima wa afya, ila moyo haujakaa sawa tangu Jumamosi ya fainali. Mimi si mtu wa barua. Nilisoma mpaka darasa la nane, na kalamu naishika zaidi ninapoandika majina ya wagonjwa wa kuombewa. Lakini jambo hili nimelifungia siku kadhaa, na kila nikifungua nalikuta palepale. Basi nimeona nikuletee wewe uliye mkubwa wetu, kwa heshima na kwa nambari, usije ukapotea njiani.

Kwanza nikukumbushe ilivyokuwa, maana siku ile ulikaa nyuma na watu wakasimama mbele yako. Katika kombe letu kila kanisa hutoa mzazi mmoja na mtoto wake. Mchezo ni mpira wa kwenye skrini, katika chumba cha gemu cha Bi Mwanasaumu, yule wa Jomvu Kuu, nyuma ya kinyozi. Mtoto hucheza kipindi cha kwanza, mzazi cha pili. Kwetu ni binti yangu Faith, kapteni wa vijana, pamoja na mimi. Kwa Wakatoliki ni Katekista Musyoka na mwanawe. Faith alinikabidhi mchezo ukiwa sufuri kwa sufuri. Dakika ya themanini na nane beki wangu wa mwisho, niliyekuwa nikimwendesha mimi mwenyewe, aliondoka mahali pake akaenda zake kama mtu aliyekumbuka kuwa ameacha chungu motoni. Katekista akapita pale palipobaki wazi, akafunga taratibu, hata hakukimbia. Tangu hapo naitwa Mama Mlango Wazi. Muuza mahamri naye ananiita hivyo, na huyo si wa kanisa lolote.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Kipimo. Kamati yenyewe ndiyo iliyokitunga, kwa sababu kila aliyefungwa alikuwa akisingizia padi, yaani kile kidude cha kushika mikononi. Na ni kweli padi zina maradhi yake. Kijiti cha kushoto, kile unachokisukuma kwa dole gumba ili mchezaji aende, huchakaa kwa ndani, ikawa hata usipokigusa mchezaji anajiendea mwenyewe. Tukakubaliana kwamba kabla ya mechi mchezaji asimamishwe katikati ya uwanja, padi iwekwe mezani, mikono yote iondoke, tusali Baba Yetu. Tukifika Amina akiwa palepale, padi ni nzima. Akiwa amehama, padi ni mgonjwa. Kipimo kizuri, kinamtukuza Mungu na hakihitaji saa.

Ila hakuna aliyesema ni Baba Yetu ya nani. Siku ya fainali aliyesalisha ni Katekista. Wenzetu hawa wakifika "utuopoe maovuni" wanatia Amina. Sisi huendelea mpaka ufalme, nguvu na utukufu. Mzee, hapo pana sekunde tano au sita ambazo padi ile haikupimwa kabisa.

2. Jumatatu nilirudi kwa Bi Mwanasaumu nikaipima padi nambari mbili niliyochezea, ile yenye plasta nyekundu. Nikasali kwanza Kikatoliki, kwa ajili ya uchunguzi tu. Mchezaji alisimama. Nikasali kama tusalivyo sisi. Nasema Amina, natazama, yuko kwenye kibendera cha kona. Nikarudia mara tatu, na mara zote tatu alikuwa konani. Bi Mwanasaumu naye akajaribu kwa Alhamdu yake, mchezaji hakutikisika, kisha akaniambia, "Mama Faith, padi yangu haina dini." Namheshimu. Lakini ukweli ndio huo: maradhi ya padi hii huanza pale Wakatoliki wanapomaliza.

3. Katekista anasema eti ni malori ya mafuta yanayopita ndiyo yanayotikisa meza. Malori hayohayo hupita kanisani kwetu, na msalaba haujawahi kuhama ukutani.

4. Nilimpelekea padi Fundi Dancun, anayetengeneza simu kule Airport. Akaitia kwenye kompyuta yake, pakatokea duara lenye nukta katikati. Akazungusha kijiti, nukta ikazunguka. Akakiachia, nukta ikarudi katikati. Akabonyeza kila kitufe, juu na chini, akasema padi hii ni nzima kuliko yeye mwenye magoti mabovu. Nikamuuliza baada ya kukiachia kijiti alitazama kwa muda gani. Sekunde tatu, akasema. Sekunde tatu, Mzee! Kwa muda huo hata jina lake hujalitukuza. Nikamshukuru, nikaondoka, namwombea magoti.

5. Ikiwa padi haikupimwa sawasawa, fainali ni batili. Ikiwa fainali ni batili kwa ajili ya Amina iliyowahi, basi na kila mechi waliyosalisha Wakatoliki ni batili vilevile, kuanzia robo fainali. Nusu fainali yetu isiguswe. Ile ilikuwa ya haki.

6. Kwa hivyo naiomba Kamati iwaombe ndugu zetu Wakatoliki wayaongeze yale maneno ya mwisho, kwa kupima padi peke yake, si lazima kanisani. Wakiona vigumu, Kamati imwandikie askofu wao. Askofu naye akisema hana mamlaka hayo, barua iende juu zaidi. Anwani ya Roma mimi sina, lakini Katekista hawezi kuikosa. Wakati tunangoja majibu, ziwekwe padi mbili mezani, moja ya Kikatoliki na moja yetu, kila moja na karatasi yake. Wenzetu wa maombi marefu nao wafikiriwe, kwa kuwa mara ya mwisho waliposalisha wao, gemu ilijizima kabla ya Amina.

7. Hili la mwisho, Mzee, nakueleza wewe tu, usilisome mbele ya kikao. Kapteni anatakiwa kupeleka majina ya kombe lijalo wiki hii, na nimesikia vijana wanataka nitolewe, aingie Mama Kanze na mwanawe. Mama Kanze ni mtu mzuri na vidole vyake vyepesi. Lakini Faith tangu amalize shule alikuwa haongei nami ila salamu na chumvi iko wapi. Uso kwenye simu, akiitwa abee, basi. Kombe hili ndilo lililotukalisha benchi moja. Jioni tukifanya mazoezi ananiegemea begani na kunifokea, "Pasi, Mama, pasi," na mimi moyoni nasema fokea tu mwanangu, fokea. Nikitolewa kwenye timu nitarudi kuwa mtu wa chumvi. Ndiyo maana naomba itangazwe makanisani mote kwamba ilikuwa ni padi. Kikombe wakae nacho.

Nimalizie hapo nisikuchoshe. Nisalimie mama nyumbani, wajukuu, mzee wa kanisa, wanakwaya wote wa sauti ya pili, na yule aliyelazwa, mwambie jina lake liko kwenye karatasi yangu. Katekista Musyoka naye msalimie, kwa wastani.

Ni mimi dada yako katika Bwana, mwenye subira iliyobaki kidogo,

Kahaso Charo

Nyongeza: Nilikuwa naikunja barua hii Faith akaingia. Ameisoma yote akiwa amesimama, hakucheka, kisha akaniuliza, "Mama, ulipokuwa unasali, nani alikuwa akitazama skrini?" Nikamwambia mtu akisali hufumba macho, na ndivyo nilivyomlea. Akanishika mkono mpaka kwa Bi Mwanasaumu. Nikasali, yeye akatazama. Tulipofika kwenye ufalme nikainua mikono, kama tuinuavyo sote kanisani, na ncha ya leso niliyojitanda ikapita juu ya padi ikakisukuma kijiti. Tukarudia nikiwa nimeivua leso. Mchezaji alisimama mpaka Amina. Nikaongeza zaburi nzima, akasimama vilevile, maskini wa watu.

Na kuhusu fainali, Faith anasema tangu siku ile alitaka kuniambia akanionea huruma. Nilipomwona Katekista anakuja nilifumba macho, nikasema "ufalme ni wako" kwa sauti, nikainua padi juu kwa mikono miwili kama mtu anayetoa sadaka, dole gumba likiwa limeking'ang'ania kijiti. Kwa hivyo beki hakujiendea. Alinitii.

Basi Mzee, nambari moja mpaka ya sita nazifuta, na padi naomba isamehewe. Karatasi sikuichana kwa kuwa ndiyo ya mwisho niliyokuwa nayo. Nambari ya saba ilikuwa ibaki, lakini nilipomuuliza kapteni ataandika jina la nani, akasema jina langu alilipeleka tangu Jumapili, kabla hata sijaanza kukasirika. Sharti lake ni moja tu, nicheze nikiwa nimefumbua macho. Nimemwambia nitaliombea.