Siku Kichwachini Aliposhika Kitabu Sawasawa

Duniani wapo mabingwa wa ndondi na mabingwa wa mbio, lakini bingwa wa kushika kitabu kichwa chini miguu juu ni mmoja tu, nami nafanya naye kazi!

Kwenye kipindi chetu cha runinga cha kuwafundisha watoto kusoma, yeye ndiye Bwana Kichwachini. Huingia na suruali fupi na tai ndefu, hufungua kitabu kwa madaha ya jaji, hukishika kinyume, kisha husoma uongo mtupu. Mara mbuzi kapandishwa cheo, sasa ni rubani! Watoto hupiga kelele: "Geuza!" Akigeuza, anakodoa macho tu, hajui hata herufi moja. Basi watoto wanamsomea, wa studio na wa majumbani, na huku wakidhani wanamfundisha yeye, wanajifunza wao.

Kazi yangu ni kuandika alichovaa katika kila picha, ili tai isiingie mlangoni nyekundu ikakaa kitini ya buluu. Kazi yake ina sheria moja: mbele ya mtoto, popote pale, Kichwachini hasomi mpaka asomewe.

Sheria hiyo ilimkera kuliko kiatu kinachobana.

"Mimi msomi!" alikuwa akifoka. "Nimemaliza vitabu vinene kuliko matofali! Nikifungua gazeti kwa kinyozi, watu wazima na ndevu zao wananiambia geuza!"

Kisha akapata mchumba, fundi cherehani mcheshi. Baba wa mchumba alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mzee ambaye nadhani hata saa ya ukutani ilimwogopa. Akasema anataka kumwona kijana mwenyewe kabla ya kutoa jibu.

Tulikwenda pamoja. Kichwachini alivaa suti, na miwani ya vioo vitupu, maana macho yake ni mazima kama ya mwewe.

Hatujakaa vizuri, mjukuu wa mzee akatoka chumbani mbio.

"Bwana Kichwachini! Umekuja nikufundishe!"

Alileta kitabu chake, akakigeuza kichwa chini mwenyewe kwa heshima zote, akampa. Nilimkanyaga mwenzangu mguu. Wapi! Alimtazama mzee, akakohoa, akakiweka kitabu sawa, akakisoma kwa sauti ya taarifa ya habari, kuanzia jalada hadi anwani ya mpiga chapa.

"Kumbe unajua?" mtoto akauliza.

"Tangu zamani, binti!"

"Na mimi nakusomea kila siku!" Akachukua kitabu, akakiweka kwenye kiti, akakikalia. "Sisomi tena."

Mzee akavua miwani yake, ya kweli.

"Mtoto huyu alikuwa hashiki kitabu hata umhonge pipi. Nimefundisha watoto wa watu maisha yangu yote, wangu akanishinda. Wewe ukamweza. Leo umeiharibu kazi yote. Mpaka asome tena, binti yangu humpati."

Basi msomi wetu akaanza kwenda pale kila Jumamosi na suruali fupi, anakaa kwenye kigoda, magoti masikioni, kitabu kichwa chini. Majirani wanachungulia dirishani. Mtoto kageukia ukuta.

"Nimesahau tena kusoma," alimbembeleza.

"Kusoma hakusahauliki."

"Basi nilikosea. Nilitaka babu yako anione mkubwa."

Mtoto akafikiri. "Siku ya harusi usijifanye mkubwa. Mbele ya watu wote. Hapo nitakusomea."

Mzee akakubali siku ipangwe, ila saini yake ya shahidi aliibakiza mfukoni pamoja na kalamu.

Ofisi ya msajili wa ndoa ilijaa. Kichwachini alikuwa amealika wote aliotaka wamwone msomi: wakubwa wa kazini, aliosoma nao, hadi kinyozi. Msajili akampa karatasi ya kiapo asome. Mtoto alisimama mbele, mikono kifuani.

Jasho likamtoka bwana harusi. Akaitazama karatasi. Akaigeuza kichwa chini.

"Mimi, mbuzi na rubani wa ndege hii…"

Msajili akaduwaa. Mtoto hakucheka. Mara sauti nzito ikapasuka kutoka nyuma:

"Geuza!"

Alikuwa mzee! Ukumbi mzima ukaitikia, "Geuza!" na kinyozi akazidisha. Karatasi ikageuzwa, macho yakakodolewa. Mtoto akasogea, akaweka kidole kwenye neno la kwanza.

"Mi-mi… na-ku-ku-ba-li…"

Alimsomea mpaka mwisho, naye akafuatisha neno kwa neno, kwa unyenyekevu ambao studio haijawahi kuuona. Mzee akatoa kalamu, akasaini.

"Leo ndiyo umesoma vizuri," akasema.

Nje, kichwa kikamvimba tena. Akatoa miwani mfukoni, akaipachika, akatunisha kifua mbele ya mpiga picha.

"Mmeona? Msanii mkubwa ndiye huyu!"

Mtoto alimtazama usoni, akamvuta koti.

"Baba mdogo," akamnong'oneza, "miwani. Geuza."