Jicho la Dishi Lilikuwa Zima

Leo nimeumbuliwa na televisheni yangu mwenyewe. Sebuleni kwangu, kwa herufi kubwa, mbele ya mashahidi watatu.

Mnaonifahamu mnajua nauza misumari, saruji na rangi hapa Langoni, Lamu. Mtu wa Meru, mwaka wa tisa sasa kisiwani. Mke wangu Kendi ni muuguzi. Alihamishiwa bara miaka miwili iliyopita akaenda na watoto, na tangu hapo nyumba imekuwa kubwa mno.

Wiki ile ile aliyoondoka nikalipia kifurushi cha mpira ili nyumba iwe na kelele kidogo. Kile kikubwa, chenye ligi zote (hata za nchi ambazo siwezi kuzionyesha kwenye ramani). Jumamosi jirani yangu Bwana Shee akabisha hodi, pamoja na Bwana Athmani, yule fundi wa kuchonga milango. Walikuja na hotipoti ya pilau. Tukatazama, tukala. Jumamosi iliyofuata wakarudi. Nikajiambia, aha, mpira ndio unaowaleta.

Dalili nilikuwa nazo, lakini sikuzisoma. Bwana Shee hulala kabla ya mapumziko. Bwana Athmani aliwahi kushangilia bao, likarudiwa, akashangilia tena akidhani tumefunga la pili. Nilidhani ni mapenzi ya mchezo!

Bei ya kifurushi nayo inapanda tu. Kila mwezi nikilipa naumia, nikitaka kukikata naogopa. Niliona wazi kwamba nikikata mpira, hodi ya Jumamosi nayo itakatika. Naam, mtu mzima mwenye mvi za ndevu, anaogopa kimya. Nimewaza jambo hili wiki tatu nzima, nikiwapimia watu rangi huku akili haipo.

Leo asubuhi kifurushi kikaisha. Sikulipa. Lakini kusema kweli kulinishinda, kwa hiyo saa nne nikampigia Bwana Shee.

"Bwana Shee, leo hakuna mpira. Jicho la dishi limekufa."

(Jicho, kile kidude cha mbele ya dishi kinachonasa mawimbi, nililichagua makusudi. Ningesema nati au waya, angeniuliza dukani kwangu nauza nini.)

"Pole sana, Bwana Mwiti," akasema, akakata simu. Nikajiona mjanja. Halafu nikaona huzuni, maana hakuuliza hata kama aje.

Saa kumi na nusu, hodi!

Nafungua mlango, naona watu watatu. Bwana Athmani na hotipoti yake. Mtu nisiyemjua, ana kamba begani na bisibisi mfukoni. Na Bwana Shee, shati limelowa maji ya chumvi, kashika kiboksi kama kashika yai.

"Nimevuka bahari mpaka Mokowe," akasema. "Hapa Lamu hakuna hata moya. Jicho jipya hili, na huyu ndiye fundi."

"Bwana Shee, ungesubiri..."

"Nisubiri nini? Yeo ni Jumamosi."

Fundi akapanda paani. Nikaomba stima ipotee. Stima ya hapa hupotea bila kuombwa na mtu, lakini leo ilisimama imara! Nikapendekeza tule kwanza. Wakasema mpira kwanza. Nikasema rimoti sijui iko wapi. Bwana Athmani akaitoa chini ya paja langu.

"Washeni!" fundi akaita kutoka juu.

Nikawasha. Ilichukua muda kuamka. Kisha kioo chote kikajaa maandishi: KIFURUSHI CHAKO KIMEKWISHA. TAFADHALI LIPIA.

Fundi akashuka na jicho la zamani mkononi, akasoma, akanitazama. "Hili lilikuwa zima, mzee. Halina hata kutu."

Ardhi ya Lamu ni mchanga mtupu, lakini ilikataa kabisa kupasuka.

"Hukulipa?" Bwana Shee akauliza polepole.

"Sikulipa. Bei imenishinda. Niliogopa mkijua hakuna mpira hamtakuja tena."

Nimelisema hilo kwa sauti, mbele ya fundi nisiyemjua hata jina. Hapo ndipo Bwana Athmani alipocheka mpaka akaweka hotipoti chini.

"Mpira? Miaka miwili nakuya hapa, siyui hata goli letu ni lipi!"

"Basi huwa mnafuata nini?"

Wakatazamana. Bwana Shee akakohoa. "Bi. Kendi siku aliyoondoka alimwambia Bi. Zainabu wangu, 'Nakuachia Bwana Mwiti. Jumamosi ndiyo siku yetu ya kula pamoja, asile peke yake.' Sasa tukiya twakuona weye na mpira wako, tukasema maskini, aupenda sana. Tukavumilia."

"Na mimi siupendi!" nikasema. "Nawawekea nyinyi!"

"Mbona hukunena?"

"Nanyi mbona hamkunena?"

Miaka miwili! Watu wazima watatu, tunatazama watu wasiotujua wakikimbizana, kila mmoja akimhurumia mwenzake. Nilitaka kucheka, machozi yakatangulia. Nikasingizia pilipili (hotipoti ilikuwa bado imefunikwa).

"Kwa hiyo nirudishe lile la zamani?" fundi akauliza.

Tukamwambia aketi ale. Televisheni tukaizima, tukazungumza mpaka adhana ya Magharibi. Nimegundua kwamba Bwana Shee, asipolala, ana maneno mengi kweli. Pesa ya jicho amekataa kupokea, na Mokowe halirudishwi tena, maana limeshafunguliwa. Wakati wa kutoka akageuka mlangoni: "Jumamosi ni ile ile?"

Ni ile ile.

Lile jicho la zamani kesho nitalitundika dukani, rafu ya juu. Mteja akiuliza bei, haliuzwi. Nawe Kendi, najua unasoma hapa: rudi ucheke mwenyewe, kwa simu sikubali.