Aliyefunga Mdomo Havishwi Kopo

Jumatatu, 6 Machi 1978

Alhamdulillahi. Karani wa gishe, dirisha la kuhudumia wateja, amehamishiwa Yahuma. Simwombei mabaya, Yahuma kuna mihogo mingi. Kiti chake kimebaki wazi. Kiti chenye mgongo! Mimi ni planto, tarishi wa ofisi hii ya mizigo ya mtoni. Miaka kumi na moja nimesimama mlangoni, nikibeba mafaili ya watu waliokaa.

Directeur ametangaza: kiti ni cha mfanyakazi mdogo atakayeweza kumhudumia mteja kwa Kifaransa. Mtihani Ijumaa asubuhi. Kabla ya hapo, masomo kila siku saa kumi alasiri katika ukumbi wa parokia, kwa Citoyen Likunde, mwalimu mstaafu. Kutoka ofisi yetu tumejiandikisha wawili: mimi na Nyota, mfagiaji. Nyota anajua Kiswahili, Lingala na Kilokele, na zote huzisema kwa pumzi moja. Kifaransa chake hakijazi kijiko. Namshukuru Mungu kwa kunipa mshindani wa namna hii.

Mwalimu ana kopo la sardini lenye kamba. Ndiyo simbole, ileile ya shule za watoto. Ukisema Kiswahili au Lingala darasani unavishwa shingoni, na hulivui mpaka umnase mwingine akisema. Atakayebaki nalo mwisho wa somo anafagia ukumbi. Watu wazima, wenye wajukuu! Nyota alivishwa kabla hajakaa. Alikuwa anaomba njia apite.

Mpango wangu ulinijia palepale. Asiyesema neno hawezi kunaswa.

Jumanne, 7 Machi

Mpango unakwenda vizuri. Saa mbili za somo, sikufungua mdomo. Mwalimu akiuliza, natikisa kichwa polepole, kama mtu anayejua mengi asiyependa kujionyesha. Amenisifu mbele ya wote, akasema wangekuwa wote kama Citoyen Feruzi angefundisha bila taabu. Nilitaka kusema merci, nikajizuia.

Nyota, kopo kifuani, alizunguka ukumbi mzima akiwinda. Anauliza kila mtu maswali kwa Kifaransa cha ajabu ili mtu ajisahau. Alimuuliza mpishi wa hoteli moja mke wake yuko wapi, mpishi akajibu, "Iko soko." Amekwisha. Lakini Nyota alicheka kwa Kiswahili, na kopo likamrudia kabla halijapoa. Nilimhurumia kweli. Nashukuru nilizaliwa na ulimi mzito.

Jumatano, 8 Machi

Hatari. Mwalimu alitangaza kwamba leo kila mtu atasoma kwa sauti. Nikatoka kidogo, nikarudi na kitambaa kimefungwa shavuni. Jino. Mwalimu alinionea huruma, akaniruka.

Nyota pia alinionea huruma, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Alipita nyumbani kumpa pole mke wangu, Asha. Asha hakuwa na habari ya jino lolote. Nilipofika nilikuta maji ya chumvi na ndimu yanachemka. Nilisukutua mara tatu. Chakula changu kilikuwa uji. Wenzangu nyumbani walikula liboke, samaki aliyeokwa ndani ya jani, na jani walilifungulia mbele yangu.

Hata hivyo nashukuru. Si kila mume ana mke anayesimama na kikombe mkononi mpaka asukutue tone la mwisho.

Alhamisi, 9 Machi

Somo la mwisho. Darasa zima nimebaki mimi tu ambaye sijavaa kopo, na Nyota ameapa kunivisha. Alikaa kando yangu tangu mwanzo, akiniuliza. Naitwa nani? Nimetoka wapi? Mizigo yangu iko wapi? Mbona sijibu? Jino lipi, la juu au la chini? Akikosea, mwalimu anamsahihisha, naye ananirudia na swali lilelile, safari hii sawasawa. Nilitazama dari. Nimehesabu misumari yote ya dari ile.

Mwisho wa somo alifagia ukumbi, na kutoka kona ya mbali bado alikuwa akiniuliza. Nimemshinda. Siku nne bila kopo! Mwalimu ameniandikia karatasi kwamba mimi ni mwanafunzi mtulivu kuliko wote aliowahi kufundisha. Asha ameibandika ukutani. Mungu ambariki mwalimu yule.

Ijumaa, 10 Machi

Mtihani wenyewe: Directeur alinikalisha kwenye gishe. Kiti kina mgongo kweli. Niliegemea, nikamshukuru Mungu kimoyomoyo.

Mteja wa kwanza: Mzungu wa kahawa ya Banalia. Magunia yake yananyeshewa bandarini tangu jana, anataka karatasi ya kuyapakia. Alisema mengi. Niliyaelewa kiasi. Nikatikisa kichwa polepole. Akasema tena, kwa nguvu zaidi. Nikatikisa tena. Akapiga meza. Directeur akaniambia, "Alors, Feruzi, jibu basi, mutu iko nangoja."

Nikafungua mdomo. Hamna kitu. Maneno yote niliyoyahifadhi siku nne, hakuna lililotoka. Hata merci.

Nyota alikuwa kwenye korido na ufagio, akingoja zamu yake. Akasogea, akamuuliza Mzungu anaitwa nani, ametoka wapi, mizigo yake iko wapi. Alikosea hapa na pale, Directeur alicheka mpaka akafuta machozi. Lakini Mzungu alijibu yote, karatasi ikapigwa muhuri, kahawa ikapakiwa. Kiti amepewa Nyota.

Sikula mchana. Niandike ukweli, maana hapa hasomi mtu: imeniuma sana. Miaka kumi na moja ya kusimama, na kiti nimekikalia robo saa.

Jumamosi, 11 Machi

Salongo, kazi ya lazima ya Jumamosi. Tulikata majani mbele ya ofisi. Nyota alinifuata na panga lake, akasema mbele ya Directeur: "Tonton Feruzi, njo wewe ulinifundisha. Bale wengine nilikuwa nawanasa mbio, wewe hapana. Nilikuuliza, nilikuuliza, mpaka Français ikaingia mu kichwa. Bila wewe, hii kazi hapana."

Machozi yalinitoka. Nilisingizia vumbi la majani. Miaka yote katika ofisi ile hakuna aliyewahi kunishukuru kwa lolote, na aliyenishukuru ni yule aliyechukua kiti changu. Mungu amzidishie, nasema kwa moyo mweupe.

Kisha akasema mwezi wa sita kutakuwa na nafasi nyingine, huko depo. Kila mchana niende kwenye gishe, tuzungumze Kifaransa sisi wawili, makosa si kitu. Directeur amekubali.

Nimerudi nyumbani nikafikiri vizuri. Ukimya wangu wa siku nne umemtoa mtu kwenye ufagio ukamweka kwenye gishe. Ukimya wa miezi mitatu utanifikisha mimi wapi? Hata kiti cha Directeur hakiko mbali. Nilikosea mara moja tu, jana, nilipofungua mdomo.

Kuhusu masomo ya mchana, nimemkubalia Nyota kwa shukrani kubwa, bila kutamka neno.