Kikao Chini ya Linta

Kwa furaha kubwa nawatangazia wakazi wa Mraru na vitongoji vyake kwamba nyufa zote za eneo letu zimedhibitiwa. Mimi, Fuad, mwenyekiti wa Kamati ya Kudhibiti Nyufa, nililisimamia zoezi hili binafsi, nikianzia darasa la pili la shule yetu, ambako linta, ile boriti ya zege na chuma juu ya mlango, ilikuwa imeanza kupasuka.

Hatua ya kwanza ilikuwa kupiga marufuku neno "ufa", kwa kuwa huleta taharuki. Kilichopo sasa huitwa mstari. Ripoti zilibadilika siku hiyo hiyo: Mraru nzima haikubaki na ufa hata mmoja. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kamati ililichambua suala hilo kwa kina na kuona kwamba ukuta una tenda, ufa hauna.

Mwalimu Mbula, ambaye watoto wake arobaini na watatu hupita chini ya linta hiyo kila asubuhi, hakuelimika. Alituonyesha kwamba mstari wetu unaingia rula. Nilimweleza kwamba shuleni mistari na rula ni mambo ya kawaida.

Ndipo fundi Mutunga, aliyeijenga linta hiyo, akajitia kimbelembele.

"Mheshimiwa, linta huanza kupasuka upande wa chini. Chuma inafaa ikae huko chini. Hii mliniambia niweke juu."

Ni kweli niliagiza. Vyuma vingezikwa chini, mgeni rasmi angevionaje siku ya uzinduzi? Maendeleo lazima yaonekane. Fundi yule aliniudhi sana.

Mwalimu Mbula hakubishana. Aliomba tu kwamba, maadamu linta ni salama, kamati ifanyie kikao humo darasani, wazazi wakishuhudia. Niliafiki. Viti kumi na kimoja vikapangwa.

Saa nne ilipofika, mhazini alishikwa na mafua. Katibu alipokea simu iliyoendelea hadi saa saba. Waliobaki walisisitiza kwamba itifaki haimruhusu mjumbe kumtangulia mwenyekiti. Nami, niseme ukweli, sikuwa tayari kutangulia.

Wazazi walitutazama tukiwa tumesimama juani, kisha wakaanza kutoa madawati wenyewe. Watoto wakahamia ukumbi wa kanisa. Mwalimu Mbula alitia kufuli mlango wa darasa, akaniletea muhtasari nitie sahihi: "Kamati, kwa kauli moja, imekataa kuingia."

Niliusoma mara mbili. Sikuona pa kusahihisha.